Upasuaji wa Vinyama vya Pua: Kwa Nini Tiba Haiishii Chumba cha Upasuaji

Matangazo ya kambi za madaktari bingwa yamekuwa jambo la kawaida katika mikoa mingi nchini. Pale huduma za masikio, pua na koo zinapotajwa, baadhi ya wananchi hufika wakiwa na ombi moja: kukatwa "nyama za pua". Ombi hilo lina msingi, kwa kuwa mtu asiyepumua vizuri hakosi usingizi tu, bali hupoteza pia uwezo wa kunusa na nguvu ya kufanya kazi. Hata hivyo, nyuma ya ombi hilo ipo imani kwamba kinyama kikishaondolewa, ugonjwa nao umekwisha. Imani hiyo ndiyo inayowarudisha wagonjwa wengi hospitalini wakiwa na malalamiko yaleyale.

Ugumu unaanzia kwenye jina. Kwa lugha ya mitaani, "nyama za pua" hutumika kwa hali tatu zisizofanana. Ya kwanza ni tezi zilizo nyuma ya pua za mtoto, ambazo zikivimba humfanya akorome na kulala mdomo wazi. Tezi hizo kwa kawaida husinyaa kadiri mtoto anavyokua. Ya pili ni nyama za asili zilizo kwenye kuta za ndani za pua, ambazo kila mtu anazo na huvimba kwa mzio au mafua. Ya tatu ndiyo vinyama vyenyewe: viota laini, vya rangi ya kijivu, vinavyoning'inia kama zabibu kutoka kwenye sainasi, yaani mapango yenye hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso. Hali hii ya tatu huwapata zaidi watu wazima, na inakadiriwa kuwa nayo asilimia 1 hadi 4 ya watu. Wengi wao wana pumu pia, na baadhi hubanwa na kifua wanapomeza aspirini.

Vinyama hivyo ni matokeo ya uvimbe wa muda mrefu katika ngozi laini ya pua na sainasi. Kwa sababu hiyo, tiba ya kwanza ni dawa: kusafisha pua kwa maji ya chumvi na kupulizia dawa ya steroidi kila siku kwa wiki kadhaa. Upasuaji hufuata pale dawa zinaposhindwa kuleta nafuu ya kutosha.

Upasuaji wa sasa hauhitaji kuchana uso. Daktari huingiza kupitia tundu la pua endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye taa na kamera, huondoa vinyama na kufungua njia za sainasi zilizoziba. Misingi ya njia hiyo iliwekwa huko Graz, Austria, katika kazi za Walter Messerklinger miaka ya 1970, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikaenea duniani. Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupigwa picha za CT-Scan, kwa kuwa ukuta unaotenganisha sainasi na jicho au ubongo ni mwembamba kama karatasi. Madhara makubwa ni nadra, lakini picha hizo ndizo ramani ya daktari, na kazi hii haina nafasi ya kubahatisha.

Pamoja na maendeleo hayo, vinyama hurudi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2017 ulionesha kuwa miezi 18 baada ya upasuaji, vinyama vilikuwa vimejitokeza tena kwa takriban asilimia 40 ya wagonjwa waliofuatiliwa. Takwimu hiyo haimaanishi kuwa upasuaji haufai, kwani wengi hubaki na nafuu kubwa hata pale vinyama vidogo vinapoonekana tena. Inachoonesha ni kwamba upasuaji hufungua njia ili dawa ifike inapotakiwa. Mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu "ameshakatwa" huupa uvimbe nafasi ya kuanza upya.

Lipo pia jambo zito zaidi ya usumbufu wa pua kuziba. Vinyama vya kawaida hutokea pande zote mbili za pua. Uvimbe wa upande mmoja kwa mtu mzima, hasa ukiambatana na damu, ganzi ya shavu au jicho kusukumwa nje, huweza kuwa saratani na hulazimu kipande chake kupimwa maabara. Kwa kijana wa kiume anayetokwa damu puani mara kwa mara, huweza kuwa uvimbe wenye mishipa mingi ya damu, ambao ukikatwa pasipo maandalizi huweza kumuua kwa kuvuja damu. Kwa mtoto mchanga, kinachoonekana kama kinyama huweza kuwa sehemu ya ubongo iliyoshuka kupitia tundu la fuvu. Hivyo, kukatwa nyama za pua kwa mganga wa mtaani ni hatari kama ilivyo kwa ukataji wa vimeo.

Hapa ndipo mfumo wa rufaa unapopata maana yake. Zahanati na kituo cha afya vinaweza kutambua dalili za hatari na kuanzisha dawa. Hospitali ya rufaa ya mkoa hupokea asiyepata nafuu. Na hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na Mbeya, pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, hushughulikia wanaohitaji ubingwa zaidi. Baada ya upasuaji, safari hiyo inapaswa kurudi kinyume: mgonjwa arejee karibu na nyumbani kwake akiwa na maelekezo ya maandishi, dawa zinazopatikana na tarehe ya kuonwa tena.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inalenga kumwondolea mwananchi mzigo wa kulipa fedha taslimu anapougua. Kwa ugonjwa huu, manufaa yake yatapimwa kwa gharama ya upasuaji na pia kwa upatikanaji wa dawa ya kupulizia ambayo mgonjwa ataihitaji kwa miaka. Kuugharimia upasuaji na kuiacha dawa ni kujiandaa kuugharimia upasuaji uleule mara ya pili.

Mwananchi anayesoma tangazo la kambi ya madaktari bingwa anashauriwa kwenda akiwa na maswali matatu: uvimbe huu ni wa aina gani, je, sampuli itapelekwa maabara, na baada ya upasuaji nitahudumiwa wapi? Majibu yake ni sehemu ya tiba.