Dakika 11 za Baridi, Majuma 4 ya Subira

Ndugu msomaji, huenda unafanya kazi kiwandani Dar es Salaam au ofisini Mwanza, lakini unaye dada, shemeji au mama mdogo aliyebaki Namasakata, mkoani Ruvuma. Iwapo atakuletea habari kwamba ameambiwa mlango wake wa kizazi utibiwe kwa baridi kali, usimpe pole tu ukanyamaza. Tiba hiyo ni fupi, maumivu yake ni madogo kuliko hofu inayoitangulia, na kupona kwake kunategemea sana watu wa nyumbani. Yafaa tuielewe.

Huitwa tiba mgando. Hutolewa kwa mwanamke aliyeonekana na mabadiliko ambayo, yakiachwa, yanaweza kugeuka kuwa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, na kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 kukomaa. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI muda huo huwa mfupi zaidi. Basi kuambiwa una mabadiliko si kuambiwa una saratani; ni kuambiwa umewahi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mhudumu hupaka siki hafifu, hungoja dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Jibu hupatikana papo hapo, na kituo chenye vifaa huweza kutibu siku ile ile. Kwa mtu wa mjini jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini kwa mama wa Namasakata, ambaye safari ya Tunduru mjini au Songea ni nauli, ni shamba lililoachwa na ni watoto walioachiwa jirani, kuambiwa arudi juma lijalo mara nyingi ni sawa na kutotibiwa.

Kwa hiyo aende akiwa tayari. Achague siku ambayo hayumo hedhini, na aikumbuke tarehe ya hedhi ya mwisho, kwani mjamzito hungojeshwa hadi ajifungue. Akiwa na homa au uchafu wenye harufu ukeni, aseme mapema ili atibiwe kwanza. Asijioshe ndani kwa dawa wala sabuni. Hana haja ya kulala njaa. Ale kama kawaida, na aende haja ndogo kabla ya kupanda kitandani. Zaidi ya yote, azungumze na mumewe kabla ya safari.

Katika tiba, kifaa cha chuma kilichopozwa kwa gesi hadi zaidi ya nyuzi 60 chini ya sifuri hugusishwa mlango wa kizazi. Hugandisha kwa dakika 3, huachwa dakika 5 payeyuke, kisha hugandisha tena dakika 3: jumla dakika 11. Baridi yenyewe hutia ganzi, hivyo kwa kawaida sindano haihitajiki. Tumbo hunyonga kama wakati wa hedhi, na baadhi ya wanawake huona kizunguzungu. Wapumzike kidogo kabla ya kuondoka. Wahudumu wengine hutoa kidonge cha kutuliza maumivu. Kizazi hakiondolewi.

Kazi kubwa iko nyumbani. Maji maji mengi hutoka kwa majuma 4 hadi 6, na hiyo ni dalili ya kidonda kupona. Atumie pedi, au vitambaa safi vilivyofuliwa na kuanikwa juani. Asiingize kitu chochote ukeni. Kwa majuma 4 asikutane na mwanamume, maana kidonda kibichi ni mlango wazi kwa maradhi, virusi vya UKIMWI vikiwamo. Ikishindikana kabisa, kondomu itumike kila mara.

Hapa nawaambia akina baba: sharti hili ni lenu pia. Mwanamke aliyetibiwa vizuri hospitalini anaweza kuumizwa na kukosa subira kwa mumewe. Na maji yale yasigeuzwe kisingizio cha kumshuku kwamba ametoka nje ya ndoa.

Arudi kituoni bila kungoja akipata homa au kutetemeka, maumivu makali ya tumbo chini ya kitovu, usaha au uchafu unaonuka, au damu nyingi kuliko ya hedhi. Hata akiwa mzima, arudi baada ya miezi 12 kupimwa tena. Vituo vingine hutumia joto badala ya baridi, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo mwaka 2019. Masharti ya nyumbani hayatofautiani sana.

Ukipuuza, gharama huongezeka. Saratani iliyokomaa huhitaji upasuaji au mionzi, na kwa watu wa Ruvuma hiyo mara nyingi ni safari ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Binti zetu wanayo kinga: chanjo iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na ambayo tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mama zao kinga yao ni kupimwa. Ndugu mfanyakazi, ukipokea mshahara mwezi huu, tenga nauli ya dada yako.