Seli Shina: Tusiharamishe Tusichokijua

 

Ndugu wasomaji, baada ya darsa la Alasiri mama mmoja wa hapa Buyenzi alinisubiri mlangoni mwa madrasa. Mwanawe ni mwanafunzi wangu na ana sikoseli, maradhi ambayo wengi huku tunayaita drepano. Anahifadhi vizuri, mashallah, lakini kila baada ya muda analazwa kwa maumivu ya mifupa. Daktari amewaeleza habari ya kupandikizwa uboho wa ndugu yake. Mzee wa familia kakataa kabisa: "Hizo ni seli shina, zinatokana na vichanga waliouawa." Mama akaniuliza, "Maalim, ni haramu kweli?"

Mzee kachanganya mambo mawili. Seli shina ni chembe hai yenye uwezo wa kujizidisha na kuzaa chembe za aina nyingine. Za uboho huzaa damu, na kila mmoja wetu anazo. Damu ya mgonjwa wa sikoseli hutengenezwa na uboho huo, basi uboho wa ndugu mzima ukishika mwilini mwake, damu inayozaliwa huwa nzima. Anayetoa hulazwa usingizi, na mwili wake hurudisha kilichotolewa ndani ya wiki chache. Hapo hakuna kichanga aliyeguswa. Hata damu iliyobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma ina seli hizo. Mwaka 1988, mjini Paris, mtoto mwenye maradhi ya damu alitibiwa kwa damu ya kitovu cha dada yake aliyezaliwa punde. Sisi kondo tunalizika tu.

Ubishi wa kweli uko kwenye kiinitete. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alitenga seli shina za viinitete vya binadamu vya siku chache, na kiinitete kinachotolewa seli hizo huharibika. Wanazuoni wengi, wakitegemea hadithi ya Ibn Mas'ud, wanasema roho hupulizwa baada ya siku 120. Wengine huhesabu siku 40. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka Desemba 2003, liliruhusu viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi iwapo wazazi wameridhia. Likakataza mimba zilizotolewa kwa makusudi bila sababu ya kisheria, na likakataza pia viinitete vya kutengenezwa kwa mbegu za wasio mke na mume.

Naikubali hukumu hiyo, ila neno "vilivyobaki" linanipa wasiwasi, kwa sababu anayeamua vingapi vibaki ni yule yule anayevitengeneza. Alhamdulillah, Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba chembe ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa hali ya seli shina. Haja ya viinitete imepungua, ingawa haijakwisha.

Kinachoniudhi zaidi kiko karibu na sisi. Wapo wanaouza vidonge na unga wa "seli shina" nje ya misikiti baada ya Ijumaa. Nami nilinunua kopo kwa ajili ya magoti ya mama yangu, kabla ya kuuliza. Chembe hai haimezwi kama panadol. Tumbo huisaga kama linavyosaga nyama. Huo ni ulaji wa mali za watu kwa batili, na hakuna mzee niliyemsikia akiukemea!

Tiba yenyewe si rahisi. Uboho unaweza kukataliwa, na wapo wanaofariki. Dawa ya kurekebisha seli za mgonjwa mwenyewe, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ilitangazwa kwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Lakini mwaka huo huo hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wa sikoseli. Dodoma si Ulaya, ndugu zangu.

Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mama yule ana watoto wengine watatu. Nimemwambia aanze kwa kuwapima, na wakubwa waelezwe na kuridhia wenyewe. Mzee nitamwendea mimi, inshallah, baada ya Isha.