Mbwa wa Lweba hali hewa: wenye mbwa na paka wawapikie

LWEBA, wilaya ya Fizi – Jua likishazama na wavuvi wakiingia Ziwa Tanganyika na taa zao, parsele nyingi za Lweba hubaki mikononi mwa mlinzi asiye na mshahara. Mlinzi huyo ni mbwa. Ndiye anayebweka mtu asiyejulikana akisogelea zizi la mbuzi, na ndiye anayeamsha wenye nyumba. Ndani kuna mlinzi wa pili, paka, anayezuia panya wasitafune nyavu, wasitoboe magunia ya mihogo mikavu, wasile ndagala waliowekwa kungojea siku ya soko. Kunapokucha, walinzi hawa wawili hufukuzwa jikoni kwa mwiko na kuambiwa wajitafutie.

Desturi hiyo ni ya aibu, tena ni ya hatari kwa watoto wa kijiji. Mtu anayefuga mbwa na paka apaswa kuwalisha, na zaidi ya bakuli la jioni awatengenezee vipande vidogo vya chakula vya kuwapa kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo huchukua saa moja kwa juma na haidai pesa nyingi. Wanaoikataa wana hoja tatu, na kila moja ina jibu lake.

Hoja ya kwanza ni kwamba kumpikia mbwa ni mambo ya wazungu. Wanaosema hivyo wawaulize wazee waliowinda upande wa milima ya Itombwe. Mwindaji aliyejua kazi yake hakurudi na nyama yote nyumbani huku mbwa wake akimtazama kwa macho. Alimkatia fungu lake, maana alijua kesho atamhitaji tena. Waswahili nao husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na hakuna msasi aliyepata mbwa mkali kwa kumnyima. Hata hizo biskuti za mbwa zinazouzwa madukani Ulaya zilianza na chakula cha kawaida tu. Inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, James Spratt, aliwaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia, naye karibu mwaka 1860 akaanza kutengeneza za mbwa huko London. Kama mabaki ya mabaharia yaliweza kuwa biashara, vichwa vya samaki vya Lweba vinaweza kuwa chakula.

Hoja ya pili ni nzito na haifai kuchekwa: watu wenyewe wana njaa. Katika Fizi kuna familia zilizokimbia vita zaidi ya mara moja, na tangu mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi wanaishi kwenye kambi ya Lusenda, jirani na Lweba. Nani atathubutu kumwambia mama mwenye watoto watano agawanye bugali na mbwa? Hakuna anayesema hivyo. Kinachodaiwa hapa hakitoki kwenye sahani ya mtoto. Kinatoka kwenye vitu vinavyomwagwa kila siku: vichwa vya mukeke, vumbi la ndagala linalobaki chini ya gunia, ukoko wa sufuria, matumbo ya kuku aliyechinjwa siku ya sikukuu. Asiye na uwezo wa kupata hata hayo asifuge mbwa watatu. Afuge mmoja, au asifuge.

Tena mbwa asiyelishwa nyumbani hula kwa jirani. Huiba mayai, hukamata vifaranga, huingia kwenye ndagala walioanikwa mchangani. Kisha kesi inafika kwa shefu, na mwenye mbwa analipa kuku mzima kwa kuogopa kupika vichwa vya samaki. Hesabu hiyo inamshinda mtu gani?

Hoja ya tatu ndiyo mbovu kuliko zote: kwamba mbwa akishiba halindi, na kwamba njaa humfanya awe mkali. Wapo hata wanaomlisha pilipili wakidhani itamtia ukali. Pilipili humchoma mbwa mdomo na tumbo, humharisha, na haimfundishi kumtambua mwizi. Mbwa mwenye njaa usiku hayuko langoni. Yuko jalalani, au kwenye mzoga. Akiwa langoni, mwizi anamnunua kwa mfupa mmoja, na mfupa huo ukiwa na sumu, kesho yake hakuna mbwa na hakuna mbuzi. Mbwa aliyezoea kula kutoka mkono wa mwenye nyumba hana sababu ya kuokota kila kinachorushwa juu ya ua.

Sasa utengenezaji wenyewe. Vitu vyote vinapatikana kijijini. Unahitaji bilauri mbili za unga wa mahindi, au unga wa mihogo iliyolowekwa ikaiva vizuri, na bilauri moja ya ndagala wakavu waliooshwa mchanga, wakakauka tena, kisha wakatwangwa. Ongeza yai moja kama lipo, kijiko kimoja cha mawese, na maji kidogo kidogo mpaka donge liwe gumu. Likande, lilaze juu ya ubao safi, lisukume kwa chupa mpaka liwe jembamba, kisha likate vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vipange ndani ya sufuria kavu, weka makala machache chini na mengine juu ya mfuniko, kama wanavyofanya wanaooka keki bila tanuru. Baada ya nusu saa hivi vigeuze, uviache mpaka vikauke kabisa. Vikipoa, vitie kwenye mkebe wenye mfuniko. Vikishika unyevu na kuota ukungu, vitupwe, maana ukungu wa unga una sumu kwa mnyama kama ulivyo na sumu kwa mtu.

Paka hataki unga mwingi. Mwili wake umeumbwa kwa nyama na samaki, na kuna kiini kinachoitwa taurini ambacho hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Akikikosa kwa muda mrefu, macho yake na moyo wake huharibika. Kwa hiyo paka anayepewa bugali tupu anakufa polepole hata kama tumbo lake limejaa. Mchemshie ndagala bila chumvi, waponde, finyanga vidonge vidogo, na umpe siku hiyo hiyo. Maziwa si lazima, kwa kuwa paka wengi wakubwa huharishwa nayo.

Makosa yanayoua yatajwe bila kuficha. La kwanza ni chumvi na viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja damu ya mbwa na ya paka, na paka ndiye huumia upesi zaidi. Mchuzi uliotiwa vitunguu, Maggi na chumvi, ukimwagwa juu ya bugali wa mbwa, si zawadi. La pili ni mifupa iliyopikwa. Mfupa wa kuku ukishapikwa huvunjika kwa ncha kali kama kijiti, na miiba ya samaki mkubwa hukwama kooni. Itolewe kabla. Ndagala wakavu ni wadogo, na wakitwangwa hawana shida hiyo.

La tatu ni muhogo mbichi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Akina mama wa Fizi huuloweka siku kadhaa na kuuanika kabla ya kuusaga kwa sababu hiyo hiyo, na huko Kwango watu waliokula muhogo usiolowekwa vya kutosha wamelemaa miguu kwa ugonjwa wa konzo. Maganda na vipande vibichi vinavyotupiwa mbwa vina sumu ile ile. La nne ni samaki mbichi kila siku. Baadhi ya samaki wana kiini kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka mpaka aanze kuyumba. Moto hukimaliza kiini hicho, kwa hiyo samaki achemshwe.

La tano linawahusu wachinjaji. Mapafu au maini ya mbuzi na ng'ombe yenye malengelenge ya maji hayafai kurushiwa mbwa yakiwa mabichi. Ndani ya malengelenge hayo mna mbegu za mnyoo. Mbwa akiyala, mnyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka kwenye mavi, na mtoto anayecheza mchangani huyapeleka mdomoni. Kwa mtu, uvimbe wake unaweza kukua miaka mingi kwenye ini mpaka upasuliwe. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umewatesa wafugaji sana. Nyama yenye malengelenge ichomwe au ifukiwe chini sana, na matumbo mengine yote yachemshwe.

Na vipande hivi visizidi. Fungu moja kati ya kumi ya chakula cha siku latosha. Chakula chenyewe ni kile cha bakuli.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini apike vipande vya mkononi, asimwage tu mabaki chini. Jibu la swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyotajwa, kwa sababu linahusu kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu watu wote hao waliambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu unazuilika, na dawa yake ya kwanza ni kuchanja mbwa. Mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa katika eneo moja, virusi hukosa njia ya kupita. Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kilishinda ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, na uliporudi mwaka 2016 ulishindwa tena kwa njia ile ile.

Kinachokwamisha kazi hii vijijini si kukosa chanjo peke yake. Mchanjaji hufika, mwenye mbwa akamwita mbwa wake, na mbwa akakimbia. Mbwa aliyejua mkono wa mtu kwa mawe na fimbo tu hawezi kusimama ashikwe na mgeni mwenye sindano. Watoto humkimbiza, mwingine anaumwa, na mchanjaji anaondoka na dawa yake. Mbwa aliyezoeshwa kila jioni kuitwa kwa jina, kushikwa shingo, kisha kupewa kipande cha ndagala, husimama. Hapo ndipo kipande cha ukubwa wa ukucha kinapookoa uhai wa mtoto. Kamba shingoni afungwe wakati wa kula, ili asiiogope siku ya chanjo.

Watoto nao wafundishwe. Wasimguse mbwa anayekula, wasimnyang'anye, wasimpe kipande mbwa wasiyemjua. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo. Kusugua majani au kufunga kidonda kwa kitambaa na kungoja kuona mbwa atakuwaje ni kucheza na kifo.

Kwa hiyo kila mtu ana sehemu yake. Wenye mbwa wapike, wajue hesabu ya mbwa wao, na wawafunge mchana. Akina mama wanaouza ndagala wanaweza kuuza vumbi la chini ya gunia kwa bei ndogo badala ya kulimwaga, na hiyo ni faida kwao. Wachinjaji waache kurusha mapafu mabichi barabarani. Mashefu waache kusubiri mpaka mtoto aumwe ndipo waamuru mbwa wote wauawe. Kuua ovyo hakujamaliza ugonjwa huu popote, maana mbwa wengine huja kujaza nafasi, na mbwa waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa. Wadai kwa wakuu wa sekta na wa wilaya siku maalumu ya kuchanja, na waitangaze mapema.

Septemba 28 ya kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Mwenye mbwa wa Lweba asiingoje. Leo jioni amwite mbwa wake kwa jina, anyooshe mkono wenye chakula, aone kama atakuja. Mbwa akikaa mbali, akitazama kwa mashaka huku mkia uko katikati ya miguu, mwenye nyumba atajua kazi yake inaanzia wapi.