Namba Tasa ya Lucas na Mafunzo ya Uthibitisho

Mwanafunzi wa sekondari huzoea kuitambua namba tasa kwa kuigawanya: kwa 2, kwa 3, kwa 5, na kuendelea. Njia hiyo ni sahihi. Lakini mafunzo yakiishia hapo, mwanafunzi huondoka akidhani kwamba uthibitisho ni uvumilivu tu.

Zikizidishwa pamoja mbili 127, kisha ikatolewa 1, hupatikana namba hii yenye tarakimu 39:

170141183460469231731687303715884105727

Mashine inayojaribu vigawo bilioni moja kwa sekunde, ikipitia kila namba hadi kufikia kipeuo cha pili cha namba hiyo, ingehitaji zaidi ya miaka 400. Hata hivyo, Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876, bila mashine ya namna hiyo, kwamba namba hiyo ni tasa.

Lucas hakutafuta vigawo. Njia yake, iliyorahisishwa baadaye na Mmarekani D. H. Lehmer, yaweza kufuatwa darasani kwa kutumia 2 kwa kipeo cha 7 kutoa 1, yaani 127. Huanzwa na 4. Kila hatua, namba huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, kisha jibu hugawanywa kwa 127 na kuchukuliwa baki peke yake. Hivyo 4 huleta 14. 14 huleta 194, baki 67. 67 huleta 4487, baki 42. 42 huleta 1762, baki 111. Na 111 huleta 12319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Baki ni 0, na hatua ni 5, yaani kipeo 7 kutoa 2. Kipeo kikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, baki la mwisho likiwa 0 namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Kwa namba ile ya tarakimu 39 hatua ni 125.

Thamani ya njia hii huonekana vizuri zaidi pale namba isipokuwa tasa. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne aliorodhesha vipeo alivyoviamini kuwa huleta namba tasa. Kipeo 127 kilikuwamo, na ni kweli. 67 kilikuwamo pia, na si kweli. Jina la Mersenne liliilinda orodha hiyo kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka uleule wa 1876 Lucas alionyesha kwamba namba ya kipeo 67 ina vigawo, bila kukitaja hata kimoja. Ni mwaka 1903 ndipo Frank Nelson Cole alipovionyesha: 193707721 na 761838257287.

Namba tasa iliyotangazwa mwaka 2024, yenye tarakimu 41,024,320, ilistahili sifa zake, ingawa darasani haina msaada mkubwa: hakuna awezaye kuiandika ubaoni. Afadhali mwalimu awape wanafunzi 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 kutoa 1, waipitishe katika hatua zote 9. Baki la mwisho litakuwa 1736. Wasiambiwe mapema kwamba 2047 ni 23 mara 89.