Kodi ya Uchafu Isipimwe kwa Wingi wa Faranga

Ndugu zangu wa Bunia, tukisikia nchi fulani inavuna fedha nyingi kwa kodi za mazingira, twauliza upesi: mbona sisi hatupati? Swali hilo linatupoteza. Denmark imo kati ya nchi za Ulaya zinazojulikana kwa kupata nyingi, lakini sehemu kubwa hutoka kwenye nishati na magari. Jumla hiyo haituambii kama mito yao ni safi.

Tazameni Ireland. Mwaka 2002 ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki dukani. Ilikadiriwa kwamba mtu mmoja alitumia mifuko 328 kwa mwaka; ikashuka hadi 21. Sweden nayo, tangu 1992, huitoza mitambo mikubwa ya nishati kwa moshi wa oksidi za nitrojeni, kisha huirudishia mitambo hiyohiyo karibu fedha zote, kila mmoja kwa kadiri ya nishati uliyozalisha. Mchafu humlipa msafi, na hazina haibaki na cha kujivunia. Anayepanga nchi kwa mapato ya tozo hiyo tu ataiweka Sweden mkiani, na atakuwa amekosea kabisa.

Na kwetu Kongo? Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe, na kodi ya uchafuzi imo katika orodha ya kodi za Leta, yaani serikali. Mwisho wa 2017 serikali ilikataza mifuko ya plastiki. Lakini mifuko hiyo, masashe yetu, bado imelala kando ya mto Nyamukau. Huko kwenye machimbo ya dhahabu zebaki inamwagika katika vijito ambamo watoto wetu huoga. Basi mwenye kinu cha unga asilipishwe kwa sababu tu mlango wake uko karibu na barabara, huku mwenye mashine inayotapika tope mtoni akipita bila kuulizwa.

Wakubwa wa jimbo na wa jiji, bandikeni ubaoni katika komini zetu za Mbunya, Nyakasanza na Shari: nani alilipa, kwa uchafu gani, kiasi gani, na fedha hizo zilisafisha mfereji upi. Nanyi raia, msitoe faranga ya mazingira bila risiti, wala msitupe sashe mtoni kisha mkailaumu Leta. Mwaka ukiisha, mapato yakipungua kwa kuwa maji yametakata, tusimfukuze mtozaji; tumshukuru.