Kicheko kilichomtoa mama mdogo kwenye grupu

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde ishirini na kitu. Mvulana wa miaka minane, sebuleni kwao Kasulu, amevaa miwani ya jua ya mama yake na ameshika daftari kichwa chini. Anajigonga kwenye kabati la vyombo, anageuka, anapapasa hewa, kisha anapita mbele ya simu inayomrekodi na kuziba picha yote kwa kifua chake. Nyuma anasikika mama akicheka mpaka anakohoa.

Ikatumwa kwenye grupu la familia saa tatu usiku. Vikatuni vya kucheka machozi vikamiminika kutoka Kigoma mjini, Uvinza na Dar es Salaam. Baada ya hapo ukaonekana ule mstari mdogo wa kijivu ambao kila mwenye simu anaujua: mama mdogo wa Kibondo ameondoka kwenye grupu.

Binti wa mama mdogo huyo ana miaka kumi na ana ualbino. Macho yake hayatulii, yanacheza kulia na kushoto, na kitabu anakisogeza mpaka kinakaribia kugusa pua ndipo asome. Kila Desemba mvulana wa Kasulu humkuta kwa bibi yao, hula naye sahani moja na kumwita dada.

Mvulana hakuyabuni maigizo yale. Aliyaona kwenye klipu ya zamani ya Marekani iliyofika kwenye simu ya mama yake, kama zinavyofika nyingine nyingi, bila jina wala tarehe. Ni sehemu ya Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya NBC kilichoanza Oktoba 11, 1975 na ambacho hurushwa moja kwa moja kutoka New York Jumamosi saa tano na nusu usiku. Kwa saa zetu huwa ni Jumapili asubuhi, watu wa Kasulu wakipiga pasi nguo za kanisani.

Toleo hilo ni la Desemba 13, 2008. Mgeni mwongozaji alikuwa Hugh Laurie, mwigizaji Mwingereza aliyejulikana sana kwa kuigiza daktari mkorofi. Katika sehemu ya habari za mzaha iitwayo Weekend Update, mchekeshaji Fred Armisen anajitokeza akiwa David Paterson, gavana wa New York wakati huo. Paterson haoni kabisa kwa jicho la kushoto, na la kulia linaona kidogo sana.

Ukilitazama toleo hilo leo, si baya lote. Paterson alikuwa ameingia madarakani Machi mwaka huo baada ya Eliot Spitzer kujiuzulu kwa kashfa, na akawa gavana wa kwanza mweusi wa jimbo hilo. Alikuwa na kazi ya kuteua mtu wa kuchukua kiti cha Hillary Clinton katika Seneti, na watu wengi walikuwa wanakitaka. Mchekeshaji anayemtania gavana kwa uteuzi wake, au kwa makosa ya ujanani aliyoyakiri mwenyewe, anafanya kazi ya mchekeshaji. Sauti ya Armisen ni ya kufurahisha na utani wake kuhusu jimbo jirani la New Jersey ni mzuri, hata kwa mtu asiyejua New Jersey iko wapi.

Lakini sehemu hiyo inahitaji Kiingereza. Kisichohitaji lugha yoyote ni gavana kushika bango la takwimu kichwa chini, macho yakiwa yamelegea kila upande, kisha kutangatanga mbele ya kamera kama kuku aliyepotea wakati watangazaji wanaongea. Ndicho kilichosafiri mpaka Kasulu, na ndicho mtoto wa miaka minane alichokielewa: asiyeona ni mtu anayejigonga.

Paterson halisi alikuwa kinyume cha hayo. Kwa kuwa hawezi kusoma hotuba akiwa jukwaani, husikiliza maneno yaliyorekodiwa na kuyakariri, hata hotuba ndefu ya kiserikali. Wanasiasa wangapi wenye macho mazima hupotea wakikosa karatasi? Mtu aliyekuwa akibeba hotuba nzima kichwani akaonyeshwa kama asiyejua juu na chini ya karatasi. Alilalamika hadharani baada ya kipindi. Alisema yuko tayari kutaniwa, ila mzaha wa namna ile unawaambia watu kwamba mwenye ulemavu hawezi kazi. Shirikisho la taifa la wasioona la nchini humo nalo lilikemea.

Fikiria mwezi huohuo huku kwetu. Mwaka 2008 na 2009 ndiyo miaka ambayo watoto wenye ualbino walikuwa wakipelekwa Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, kwenye shule iliyokuwa ikipokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine, ili wasiuawe. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni akizungumzia mauaji hayo. Hakuna mchekeshaji wa New York aliyeyasababisha, na itakuwa uonevu kusema hivyo. Ila mama wa Kibondo anapoona mtoto wa dada yake akiigiza macho yasiyoona na ukoo mzima unacheka, hilo ndilo linalomjia kichwani.

Dada mkubwa alipiga simu asubuhi.

“Shikamoo dada,” mdogo wake alisema, kwa sauti kavu.

“Marahaba. Mdogo wangu, mbona umetoka kwenye grupu?”

“Bando liliisha.”

“Bando likiisha mtu hatoki kwenye grupu.”

Kimya. Jogoo akasikika upande wa Kibondo.

“Dada, mwanangu alikuwa ameshika simu. Ndiye aliyeifungua ile video. Ameniuliza, mama, hapo ni mimi?”

Dada mkubwa hakuwa na jibu. Aliomba radhi, akakata simu, akamwita mwanawe. Akasema ambalo karibu kila mzazi nchini angelisema: usicheke kilema, hujafa hujaumbika, Mungu atakuadhibu na wewe upofuke. Mtoto akaogopa, akaahidi hatarudia.

Hapo wazazi wengi huamini kazi imekwisha, kumbe imeharibika zaidi. Mtoto aliyeambiwa hivyo anajifunza kwamba kutoona ni adhabu. Akikutana na dada yake Desemba, hatamcheka, lakini ataanza kujiuliza yeye au mama yake walimkosea Mungu nini. Atakaa mbali naye. Kwa binti wa miaka kumi, kukwepwa na ndugu aliyekuwa akila naye sahani moja si nafuu kuliko kuchekwa.

Mtoto wa umri huo anahitaji sababu, na sababu zipo. Paterson alipata maambukizi ya sikio akiwa mchanga wa miezi michache, yakasambaa mpaka kwenye mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Hakurogwa. (Kwa mzazi anayesoma hapa: mambo kufika huko ni nadra, lakini sikio la mtoto linalotoa usaha si la kutilia mafuta, maziwa ya mama wala maji ya majani. Ni la kupeleka kituo cha afya, hasa mtoto akiwa na homa au uvimbe nyuma ya sikio.) Mwenye ualbino naye ana upungufu wa melanini, rangi ya asili ambayo pia hulisaidia jicho kukua vizuri likiwa bado tumboni. Ikipungua, sehemu ya ndani ya jicho haikamiliki, mwanga unamuumiza, na macho huchezacheza bila yeye kutaka. Miwani humsaidia kiasi, haimpi uoni kamili. Lakini kwa kawaida hali hiyo haimfikishi kwenye upofu, na kusoma kwa karibu hakumharibu macho. Walimu na wazazi wengi humpokonya kitabu wakimwambia akiweke mbali. Wamwache. Hivyo ndivyo anavyosoma.

Darasani anahitaji kiti cha mbele, mahali ambapo mwanga wa dirishani haumpigi usoni, na ruhusa ya kuinuka kwenda ubaoni bila kuzomewa. Kwenye mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini ni lazima shule iwe imetoa taarifa mapema. Mzazi asisubiri darasa la saba ndipo aulize.

Turudi kwenye vichekesho, maana kuzima televisheni si jibu na hakuna atakayeizima. Watanzania wamelelewa na vichekesho vya usiku. Waliokuwa watoto Ze Comedy ilipokuwa EATV, kabla kundi halijahamia TBC na kuitwa Orijino Komedi, leo ndio wazazi, na bado wanamkumbuka Joti akiigiza wazee na watoto. Wachekeshaji wetu nao wamezoea vya bei rahisi: kigugumizi, mguu unaochechemea, chizi wa sokoni, mshamba kutoka bara mwenye lafudhi nzito. Watu wa Kigoma wanaijua ladha ya hicho cha mwisho. Anayetoka Kasulu akifika Dar es Salaam na kufungua kinywa, kuna atakayemwiga kabla hajamaliza sentensi, na atatakiwa acheke pamoja nao ili asionekane ana hasira.

Dada mkubwa aliishi Dar es Salaam miaka mitatu. Alipoulizwa na mumewe kwa nini habari hii inamnyima usingizi, alijibu kwa jina la utani alilopewa huko Tandika, jina ambalo hakuwahi kumtajia mtu Kasulu.

Alichofanya baadaye ni kitu rahisi. Alikitafuta kipindi kilekile na kuona kilivyoendelea. Septemba 25, 2010, msimu mpya ulipoanza, Armisen alitokea tena kwenye Weekend Update akiwa Paterson, na safari hii Paterson mwenyewe akaingia na kuketi pembeni yake. Wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja anaigiza na mwingine ndiye. Gavana ndiye anayepiga. Anatania kwamba wamemcheka upofu mpaka akasahau kuwa yeye ni mweusi. Ukumbi unaanguka kwa kicheko, na safari hii wa kuonekana mjinga ni mwigizaji.

Kama kichekesho, toleo hili la pili ni bora, na si kwa sababu ya adabu. La kwanza lina wazo moja tu, kwamba jamaa haoni, na likirudiwa mara ya tatu linachosha. La pili lina watu wawili wanaojuana udhaifu. Hata hivyo, yasipambwe kupita kiasi: Paterson alihitaji kuwa gavana ili apewe kiti kile. Wengi wanaoigizwa hawaitwi studio.

Mama alimwita mwanawe, wakatazama zote mbili mfululizo kwenye simu, yeye akitafsiri kadiri alivyoweza. Hakumhubiria. Aliuliza swali moja: “Huyu wa kweli, amejigonga wapi?”

Mtoto akatazama tena. “Hajajigonga.”

“Basi yule wa kwanza alikuwa anamwigiza nani?”

Mvulana akafikiri. “Alikuwa anabuni.”

Jumapili mama alifuta video ya mwanawe kwenye grupu, ingawa ilikuwa imeshapita kwenye simu za watu, akaandika kwa ndugu wote kwamba kosa lilikuwa lake, aliyeshika simu, na si la mtoto. Wawili walijibu kwamba anakuza mambo, vichekesho ni vichekesho. Mjomba wa Uvinza hakujibu kitu, ila alikifuta kile kikatuni chake cha kucheka. Mama mdogo akaongezwa tena kwenye grupu. Hakuandika neno kwa siku mbili.

Siku ya tatu ikaja sauti kutoka Kibondo. Alikuwa binti. Alisema ameiona ile ya pili, simu ikiwa puani kama kawaida, na kwamba yule gavana anaongea haraka sana. Halafu akasema naye ana maigizo yake, anamwigiza kaka yake wa Kasulu akisoma kitabu cha Kiswahili mbele ya bibi Desemba iliyopita. Akaanza kusoma kwa sauti ya kujikwaa, neno moja moja, akisema “mkapa” kila palipoandikwa “mpaka,” na akishusha pumzi kwenye kila nukta kama mtu anayepanda mlima na gunia la maharage.

Kasulu wakaisikiliza mara nne. Mvulana akaomba simu ajibu.

“Dada,” alisema, “ilikuwa mara moja tu.”

Jibu likarudi kabla hajairudisha simu kwa mama yake: “Mara sita. Nilihesabu.”