Send Money Home: nyumbani ni wapi?

Leo naacha msimbo kidogo niongee kuhusu matangazo ya televisheni, zile sekunde 30 ambazo wengi wetu huinuka kwenda kuchukua chai jikoni.

Mimi nasema tangazo ni sanaa, tena ngumu. Mwandishi wa riwaya ana kurasa 200 za kukueleza wewe ni nani. Mtengeneza tangazo ana nusu dakika, na akikosea hununui.

Chukua M-Pesa. Majaribio yake yalianza 2005 kama njia ya kulipa mikopo midogo. Lakini watu waliopewa simu wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao wenyewe. (Kila anayeandika programu anaijua hii: unatengeneza kitu kwa kazi moja, watumiaji wanakigeuza.) Basi Safaricom ilipoizindua Machi 2007, ikaiuza kwa maneno matatu: Send Money Home. Hakuna benki hapo, hakuna teknolojia. Kijana yuko mjini, wazazi wako kijijini, kwisha. Na kwenye menyu ya laini, cha kwanza kilikuwa kutuma pesa. Tangazo na programu vilisema jambo moja! Sijaona maelezo ya mradi yaliyo safi kuliko hayo.

Ila hilo neno nyumbani linanisumbua. Wakenya tunatofautisha nyumba na nyumbani. Nyumba ni pale unapolipa kodi. Nyumbani ni ocha, pale utakapozikwa. Mwaka 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, mkazi wa Nairobi. Mkewe Wambui alitaka azikwe shambani kwao upande wa Ngong. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Miaka 20 baadaye, hisia hiyo hiyo ikauza huduma ya simu. Na miezi tisa tu baada ya uzinduzi, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, watu wakafukuzwa kwenye nyumba zao wakiambiwa warudi "kwao". Neno lile lile.

Sasa njoo huku Mwihoko. Jina ni la Kikuyu, maana yake tumaini, lakini kwenye ploti moja utakuta Mluhya, Mkamba, Mkisii na Mjaluo wakigombania kamba ya kuanika nguo. Watoto wao wamezaliwa hapa. Ukiwauliza nyumbani ni wapi, wanataja mahali wanapokwenda Desemba, na wengine hata hiyo Desemba hawaendi. Wakionyeshwa vilima vya kijani na nyanya anayetabasamu na simu mkononi, wanaona picha ya wazazi wao, si yao.

Ningependa kuona tangazo moja ambapo mtu anashuka matatu kutoka Githurai, anakanyaga matope yetu, anavua viatu mlangoni, na hakuna anayemuuliza "kwenu ni wapi?" Hilo ningeliangalia mpaka mwisho. Chai ingengoja.